Simu inaniletea vitabu vilevile. Je, nirudi dukani?

"Jambo sana, Mzee. Nina miaka 34, ni fundi wa umeme katika kampuni ya madini kule Kolwezi, na kila baada ya wiki mbili narudi nyumbani Lubumbashi, komini ya Katuba. Napenda riwaya na historia, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kwa mwezi naweza kutenga dola 30 za vitabu. Zamani nilikuwa napita madukani na kwa wale wanaotandika vitabu vya okazioni, yaani vilivyokwisha kusomwa, katikati ya mji. Siku hizi natafuta kwenye simu, usiku, baada ya kazi. Lakini tangu nimnunulie mdogo wangu kitabu kimoja cha namna ya kupata utajiri, simu hainionyeshi kingine: utajiri, mafanikio, utajiri. Nikiingia dukani naona vitabu vya shule na vya kanisa, na mwenye duka ananifuata nyuma kama vile nimekuja kuiba. Rafiki yangu anasema vitabu vyote vya dunia viko kwenye intaneti, maduka ni mambo ya wazee. Je, ana haki? Na mbona zamani, nikiwa sina hata simu ya maana, nilikuwa nikikutana na vitabu vizuri zaidi? Tena nikisoma sana kwenye simu kichwa kinaniuma."

Mdogo wangu, jambo. Nianze na lile ulilolitupa mwishoni kana kwamba si kitu. Kichwa kinachouma kila ukisoma ni cha kupeleka kwa daktari wa macho, si kwa mtunza maktaba. Huenda unahitaji miwani tu, huenda ni uchovu wa kusoma gizani baada ya zamu ndefu. Atakayekuambia ni yule aliye na vifaa vya kupima, mkiwa mmeketi ana kwa ana. Nenda kabla hujanunua kitabu kingine.

Sasa vitabu. Kwa miaka zaidi ya 25 nimepanga rafu, nimeazimisha na nimewatafutia watu vitabu katika mji huu, na malalamiko kama yako ninayasikia kila mwezi. Naona wewe hulilii karatasi. Unalilia ile hali ya kukutana na kitabu ambacho hukujua kwamba unakitaka. Kutafuta ni pale unapojua jina la mwandishi, au angalau jambo unalolihitaji. Kugundua ni pale ambapo jina hulijui, na hata hamu yenyewe hujui kama unayo. Simu ni hodari wa kutafuta. Katika kugundua, inakupa majirani wa kile ulichokwisha kukishika, na kwa upande wako, kwa bahati mbaya, kilichoshikwa kilikuwa cha mdogo wako.

Wengi hudhani simu inawajua. Haiwajui hata kidogo. Amazon, iliyoanza kuuza vitabu mwaka 1995, ndiyo iliyoieneza njia hii, na mwaka 2003 wahandisi wake watatu waliieleza hadharani. Mashine hailinganishi mtu na mtu, inalinganisha bidhaa na bidhaa. Inahesabu tu: waliochukua hiki walichukua pia kipi? Ni kama mama anayeuza unga sokoni Kenya (komini yetu, si nchi). Ameona kwamba anayenunua unga wa bukari huulizia na sombe, huulizia na kapenta, basi ameviweka karibu karibu. Hajakuuliza unapika nini, amefuata mikono ya wateja. Lakini yule mama anakukumbuka. Siku ukinunua maziwa ya mtoto atakuuliza, "Kumbe mmepata mgeni nyumbani?" Nawe utamwambia ni ya jirani, naye hatakupangia maziwa tena. Mashine haiulizi. Umenunua utajiri mara moja, imekuandika katika daftari la utajiri.

Njia hiyo ina upofu wa namna mbili. Kwanza, kitabu ambacho hakijanunuliwa na mtu hakina jirani, kwa hiyo hakiitwi popote. Kile kilichouzwa sana ni jirani wa kila kitu, nacho kinajitokeza kila ukigeuka. Pili, na hili kwetu ndilo zito, mikono inayohesabiwa ni ya wapi? Mwandishi Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1981, lakini riwaya yake ya kwanza ilitoka Paris, mwaka 2014. Wanaonunua riwaya za Kifaransa kwenye mitandao wengi wao wako Ulaya, basi hao ndio wanaoamua kitabu cha mtoto wa mji huu kikae karibu na nani. Na sisi huku tunasomaje? Nakala moja inazunguka kwa watu sita, inatoka Kamalondo hadi Ruashi, inarudi bila jalada. Wasomaji sita hao, kwa mashine, ni mnunuzi mmoja. Na kama nakala ilitoka kwa mjomba wa Brussels, basi ni sifuri. Tunasoma bila kuacha alama, halafu tunashangaa mashine haitutambui.

Dawa yake ni ndogo. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta orodha ya ulivyonunua. Maduka makubwa ya mtandaoni huwa na mahali pa kuiambia mashine isitumie kitabu fulani katika kukupendekezea. Kiondoe kile cha utajiri. Zawadi za watu wengine, ukiweza, zinunue kwa akaunti nyingine. Halafu acha kuingia kupitia mlango wa mapendekezo. Ingia moja kwa moja kwenye katalogi ya mchapishaji ambaye amewahi kukufurahisha, uipitie kama unavyopita mbele ya rafu. Au tazama orodha za vitabu vilivyofika hatua ya mwisho katika tuzo, si mshindi peke yake. Mshindi utasikia habari zake hata usipotaka. Wale waliokaribia ndio wanaopotea.

Rafiki yako ana haki nusu. Kwa vitabu vya zamani intaneti ni ghala ambalo mji wetu haujawahi kuwa nalo. Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, iko wazi tangu 1997, na humo mpenda historia anaweza kusoma safari, ramani na majarida ya zamani bila kulipa ila mega zake. Project Gutenberg, maktaba nyingine ya bure kwenye intaneti, iliyoanza 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000. Wewe unayependa historia, kutoingia humo ni kujinyima.

Lakini "vyote"? Hapana. Kitabu kwa kawaida huonekana kwenye maduka makubwa ya mtandao kikiwa na ISBN, zile tarakimu 13 zilizo nyuma ya jalada (hadi mwisho wa 2006 zilikuwa 10), tena kuwe na mtu aliyejipa kazi ya kukiingiza. Sasa fikiria vitabu vinavyochapwa humu mjini: historia ya parokia, kamusi ndogo ya lugha ya kijiji, mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aliyeandika maisha yake, kozi ya profesa wa UNILU, chuo kikuu chetu, iliyokua ikawa kitabu. Vingi havina namba, au vina namba isiyoandikwa popote. Vinauzwa kutoka kwenye mkoba wa mwandishi, kwenye meza siku ya mkutano, kwenye kaunta ya fotokopi karibu na chuo. Historia ya mtaa wako mwenyewe iko huko, na hakuna simu itakayokuletea.

Tena kuna kitabu unachokiona lakini hukipati. Kwenye simu bei ni ndogo, unafurahi, kisha unafika mahali pa kuandika anwani. Kukisafirisha kitabu kimoja hadi Lubumbashi mara nyingi kunagharimu kuliko kitabu chenyewe. Umekigundua, ndiyo, kama mtu anavyogundua nyota.

Tuje dukani. Umeona vitabu vya shule na vya kanisa, ukadhani mwenye duka hana ladha. Kaa mahali pake kidogo. Mwenzake wa Paris akiagiza riwaya kumi na zikauzwa nne, kwa kawaida ana ruhusa ya kumrudishia mchapishaji sita zilizobaki. Wa kwetu akitaka kurudisha sita, nauli ya ndege itamla. Alichonunua amekinunua moja kwa moja. Kwa hiyo kila riwaya kwenye rafu yake ni franka zake zilizolala. Vitabu vya shule, Biblia, vitabu vya nyimbo na misimbo ya sheria vinatoka kila mwaka, na ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba. Naye anakufuata nyuma kwa sababu hiyohiyo: kitabu kikiibwa, hasara yote ni yake. Sisemi ni vizuri. Mimi mwenyewe niliwahi kufunguliwa mkoba mlangoni, nikiwa na mvi hizi, na sikurudi duka lile kwa mwaka mzima. Lakini sababu naielewa.

Ukielewa hivyo utaona pia kwamba riwaya chache alizothubutu kuleta zina maana. Kuna mtu aliyeweka pesa zake juu ya kitabu kile. Nyota tano za simu hazina uzito huo.

Basi usiingie kimya. Salimia. Mwambie kitabu cha mwisho kilichokukosesha usingizi, na kwa nini. Kisha muulize swali ambalo wateja hawaulizi: "Ni kitabu gani ulikipenda wewe, ukakileta, na hakijanunuliwa?" Uso wake utabadilika. Atakwenda nyuma, atapangusa vumbi, na mara nyingi bei itashuka. Nimepata vitabu vizuri kwa swali hilo kuliko kwa katalogi yoyote.

Wala usidhani duka halikushawishi. Linakushawishi sana. Kilichowekwa mezani karibu na mlango, jalada likikutazama, kinauzwa kuliko kilichobanwa kwenye rafu kikionyesha mgongo tu. Katika maduka makubwa ya Ulaya wachapishaji wamekuwa wakilipia meza hizo. Kwetu meza inafuata kalenda ya masomo: Agosti na Septemba hata ukitafuta riwaya kwa tochi huioni. Nenda Novemba, duka likiwa limepumua.

Na ukifika kwenye rafu, nenda polepole. Vitabu vya Kifaransa kwa kawaida huandikwa mgongoni kutoka chini kwenda juu, vya Kiingereza kutoka juu kwenda chini. Rafu iliyochanganywa inakufanya uinamishe kichwa kushoto, kisha kulia, kama mtu anayekataa chakula kwa adabu. Watu wengi huchoka shingo, wakasoma upande mmoja tu wa rafu na kuondoka. Ukitoa kitabu, usiishie kwenye jalada la nyuma, pale kila kitabu ni cha ajabu. Soma ukurasa wa kwanza, kisha fungua katikati usome ukurasa mwingine mzima. Mwanzo kila mwandishi anaupiga pasi, katikati ndipo utamwona alivyo nyumbani kwake. Kwa vitabu vya historia tazama yaliyomo, ambayo kwa Wafaransa mara nyingi yako mwishoni. Kwenye simu dondoo la bure mara nyingi ni la kurasa za mwanzo tu. Katikati ni nadra kukuonyesha.

Wale wa okazioni nimewaacha makusudi, kwa sababu nadhani ndio walikuwa wakikupa vitabu vile unavyovikumbuka. Lundo lililotandikwa chini halikupangwa na mauzo, wala halikupangwa na mwenye duka. Limepangwa na maisha ya watu. Profesa amefariki, watoto wameuza maktaba yake kwa uzito. Mmisionari amerudi kwao. Familia ya mhandisi imehama. Ukiona vitabu vitano vya aina moja vimekaa pamoja, ujue unatazama kichwa cha mtu mmoja aliyevikusanya kwa miaka, na majirani wa namna hiyo hakuna mashine inayoweza kuwabuni. Chukua kimoja, na muulize muuzaji kama kuna vingine vilivyokuja kwa mfuko uleule. Ila angalia muhuri ndani. Ukiwa wa maktaba ya shule inayofanya kazi mpaka leo, kiache, au kinunue ukirudishe. Wenzangu watakushukuru.

Jambo moja la kazini kwangu. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi alipewa vitabu vya kupanga, akaona kimoja chenye neno shaba katika jina lake, akakiweka kwenye rafu ya madini. Kilikuwa cha mashairi. Niligundua baada ya miezi, nilipokuta kadi ya kuazimia kitabu hicho imejaa majina ya wanafunzi wa metalurjia. Katika rafu ya fasihi kilikuwa kimelala miaka. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Kwa kanuni za kazi yetu lilikuwa kosa, na nilikirudisha mahali pake, ingawa tangu siku ile kila mwezi ninahamisha kitabu kimoja au viwili kwa siri. Kugundua kunataka ujirani ambao hukuuomba. Wewe mwenyewe unaweza kuutengeneza: ingia maktaba ya chuo kikuu au mediateki ya Institut français hapa mjini, nenda kwenye rafu ambayo hujawahi kuigusa, na toa cha tatu kutoka kushoto.

Kwa Kiswahili njia ni nyingine kabisa. Riwaya za Kiswahili zinachapwa zaidi Dar es Salaam na Nairobi, na ni chache zinazofika katika maduka yetu yanayoagiza Paris. Hapa simu inakuwa mkono wako wa kulia. Tafuta orodha za Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili (mwanzoni iliitwa Mabati-Cornell), na katalogi ya mchapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Andika majina matatu. Kisha usiagize kwa ndege. Katika mtaa wako hakosekani mfanyabiashara anayefuata mzigo Kariakoo. Malori ya kutoka Dar yanapita Tunduma, yanakata Zambia, yanaingia Kasumbalesa. Vitabu vitatu katikati ya marobota ya nguo havina uzito wa kumsumbua mtu. Mpe majina yameandikwa kwenye karatasi, pamoja na jina la mchapishaji, maana ukimwambia kwa mdomo atakuletea chochote. Kiswahili chao kitakushangaza kidogo, nawe utajikuta unacheka peke yako kwenye basi la Kolwezi.

Kwa dola zako 30 mimi ningefanya hivi, na wewe utabadilisha kwa akili yako. Kumi zingekwenda okazioni, kila ninaporudi, bila orodha yoyote mfukoni. Nyingine ningeziweka zitimie kwa kitabu kimoja kipya cha dukani kila miezi miwili, kilichochaguliwa kwa kuongea na mwenye duka. Ukikosa unachotaka, mwombe aagize, mpe avansi, na kama mko wanne au watano wenye maombi, mpeleke siku moja ili mgawane usafiri. Kwenye simu ningenunua mara chache sana. Ningeitumia kuhakikisha: nimeona kitabu Jumamosi, jioni nasoma kurasa zake za mwanzo na kutazama mwandishi ameandika nini kingine. Kupiga picha jalada dukani omba ruhusa kwanza, tafadhali.

Kuna aina ya kitabu ambayo usiigundue kwa bahati, si barabarani wala kwenye simu. Wewe ni mtu wa migodi. Nakala za Sheria ya Madini ya 2002 bado zinauzwa okazioni kana kwamba ni mpya, wakati sheria ile ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Vivyo hivyo vitabu vya tiba na vya kanuni za umeme: toleo la zamani linaweza kukuumiza. Kwa hivyo nenda kwa mtu, maktaba ya kitivo husika au mwanasheria, umuulize ni toleo gani linalotumika leo.

Na kile kitabu cha utajiri, mdogo wako akikimaliza, kipeleke okazioni. Vinatoka haraka sana. Mara nyingi wanakubali kukupa riwaya mbili kwa hicho kimoja.